Buti za ngozi kwa wanawake: Namna ya kuzichagua na kuzitunza, kutoka vumbi la Voi hadi ukungu wa Wundanyi

MWANAMKE anayeondoka Voi asubuhi kuelekea Wundanyi hupitia nchi mbili kabla ya adhuhuri. Mji wa Voi, ulio takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ni mahali pa joto, vumbi jekundu na miiba. Akishaipita Mwatate, barabara huanza kupinda na kupanda katika milima ya Taita, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Vuria, kina mita 2,208. Huko hukutana na ukungu, umande na njia za udongo ambazo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Kiatu kinachofaa chini huenda kisifae juu, na walio wengi hawana uwezo wa kununua jozi moja ya bondeni na nyingine ya mlimani. Ndiyo maana buti fupi ya ngozi, inayofunika kifundo cha mguu, ni kiatu kinachostahili kufikiriwa kwa makini na mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, mkulima, mfanyabiashara wa sokoni au askari wa wanyamapori katika Kaunti ya Taita Taveta. Ikichaguliwa vyema na kutunzwa, humhudumia mwenyewe kwa miaka mingi. Ikichaguliwa kwa kuangalia sura pekee, humwachia malengelenge, sugu na hasara.

Kwa nini buti

Sababu ya kwanza ni usalama. Sehemu kubwa ya kaunti hii imezungukwa na mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na nyoka ni sehemu ya mazingira hayo. Kifutu, ambaye huitwa pia bafe, hana desturi ya kukimbia anaposikia hatua za mtu. Hulala kimya njiani au majanini akitegemea rangi yake kumficha, na humuuma anayemkanyaga. Watu wengi wanaoumwa na nyoka huumwa miguuni, kuanzia nyayo hadi chini ya goti. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyatia madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na kuvaa viatu vinavyofunika mguu ni miongoni mwa kinga nyepesi zinazopendekezwa.

Buti si ngao kamili, kwani nyoka aweza kuuma juu yake. Hata hivyo, kati ya ngozi nene na ndara iliyo wazi kuna tofauti ambayo huenda ikawa tofauti ya uhai na mauti. Aliyeumwa hapaswi kukatwa kwa wembe, kufungwa kamba kwa nguvu wala kunyonywa jeraha. Avuliwe kiatu na chochote kinachobana kabla mguu haujavimba, atulizwe, mguu usichezeshwe, na apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Sababu ya pili ni kifundo cha mguu. Anayeteremka njia za Mgange au Werugha akiwa na mzigo mgongoni anajua jinsi jiwe moja legevu linavyoweza kumtegua. Shingo ya buti iliyofungwa kwa kamba hukishika kifundo kisipinduke kwa urahisi. Sababu ya tatu ni miiba ya migunga, ambayo hupenya ndara na raba bila taabu.

Gambuti, yaani buti ya mpira, ina mahali pake kwenye matope mengi na kwenye zizi la ng'ombe. Lakini mpira haupitishi hewa. Katika joto la Voi, mguu uliofungiwa ndani ya gambuti kutwa nzima hulowa jasho, ngozi ya mwili hulainika na kuchubuka, na fangasi hupata makao. Ngozi ya mnyama ina vinyweleo. Hunyonya jasho na kulitoa nje polepole. Hiyo ndiyo sifa ambayo mpira na plastiki havina.

Nchi yenye historia ya miguu

Ardhi hii inaijua thamani ya kiatu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalipambana kati ya Voi na Taveta, na reli ya kuelekea Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Mapigano ya Salaita yalitokea Februari 1916, na makaburi ya wanajeshi yangalipo Voi, Maktau na Taveta. Mizigo ya majeshi hayo ilibebwa na wapagazi Waafrika, ambao wengi wao walitembea peku. Jina la kikosi chao ndilo lililozaa jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, na kwa namna ambayo historia hupenda kufanya, soko la Kariokor leo ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana nchini kwa viatu na bidhaa za ngozi.

Mguu upimwe kwanza

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuuliza nambari badala ya kuupima mguu. Mguu una mifupa 26, na umbo lake hubadilika kwa umri, uzito na uzazi. Wanawake wengi hugundua kwamba baada ya kujifungua mguu umerefuka au kupanuka, lakini wanaendelea kununua nambari ya usichana wao.

Njia ya kupima ni rahisi. Jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, mtu asimame juu ya karatasi akiwa amevaa soksi atakazovaa na buti. Mwingine amchoree mguu kwa kalamu iliyosimama wima, kisha ipimwe nafasi kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, na upana wa sehemu iliyo nyuma ya vidole. Miguu yote miwili ipimwe, kwa kuwa ni nadra kulingana. Buti inunuliwe kwa kufuata mguu mkubwa.

Kwa vipimo vya Ulaya, mguu wenye urefu wa sentimita 24 huelekea nambari 38, ambayo ni kama nambari 5 ya Uingereza. Tofauti kati ya nambari moja na inayofuata ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Lakini viwanda havifanani, na nambari iliyopigwa chini ya soli ni mwongozo tu. Mwenye hukumu ni mguu.

Dukani, buti zote mbili zivaliwe na kufungwa, na mnunuzi atembee, apande ngazi iwapo ipo, na asimame kwa vidole. Mambo manne yachunguzwe:

Kwanza, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, takriban sentimita moja. Nafasi hiyo ikikosekana, vidole vitagonga mbele kila anapoteremka mlima, na kucha zitageuka nyeusi.

Pili, vidole viweze kucheza. Ncha iliyochongoka huvisukuma pamoja, na kwa miaka mingi huzidisha kile kinundu kichungu kinachoota penye mzizi wa kidole gumba.

Tatu, kisigino kishikwe vyema. Kuinuka kidogo kwa kisigino katika buti mpya ni kawaida, lakini kikipanda na kushuka kwa kila hatua, malengelenge hayako mbali.

Nne, shingo ya buti isikwaruze mfupa wa kifundo. Kwa buti ndefu, upimwe pia mzunguko wa shavu la mguu. Zipu inayofungwa kwa kulazimishwa asubuhi haitafungika jioni.

Ahadi ya muuzaji kwamba "itapanuka" ipokewe kwa tahadhari. Ngozi hutanuka kwa upana kwa kiasi fulani. Kwa urefu haitanuki.

Kuitambua ngozi halisi

Ngozi bandia imeboreshwa mno hata jicho pekee halitoshi. Ukingo uliokatwa huonyesha nyuzi zilizosongamana, ilhali ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa tabaka laini la plastiki. Ngozi halisi ikibonyezwa kwa kidole gumba hufanya vikunjo vyembamba visivyolingana, kisha hurejea. Ile ya bandia hubonyea bila kubadilika sura. Vinyweleo vya ngozi halisi havikupangwa kwa mistari. Tone la maji likiachwa juu ya ngozi isiyo na rangi nzito hufifia polepole, ilhali juu ya plastiki hubaki limesimama. Jaribio la kiberiti, ambalo baadhi ya wachuuzi hulipenda, liachwe. Huharibu bidhaa na halithibitishi mengi.

Kwa kazi za shambani na porini, ngozi ya ng'ombe yenye unene wa takriban milimita 2 yafaa. Ngozi ya mbuzi ni nyepesi na laini, inafaa ofisini na safari fupi. Ngozi yenye manyoya laini, kama ile ya Safari Boot ya Bata inayojulikana na Wakenya wa vizazi kadhaa, hupumua vizuri na yafaa sana msimu wa kiangazi Voi, lakini hunywa maji haraka na haipendi matope ya Wundanyi.

Bitana ya ndani nayo isisahauliwe. Buti ya ngozi halisi iliyotiwa bitana ya plastiki ni sawa na nyumba yenye madirisha mazuri yaliyopigwa misumari.

Soli na kisigino

Soli ya ngozi ni nzuri kwa sakafu ya ofisi, lakini huteleza kwenye umande na huchakaa upesi kwenye changarawe. Mazingira ya Taita Taveta yanataka soli ya mpira yenye meno ya wastani. Meno marefu sana hubeba udongo mfinyanzi hadi kiatu kikawa kizito kama tofali.

Buti inapokunjwa, ipinde penye mzizi wa vidole. Ikipinda katikati ya wayo, haina uti wa kuutegemeza mguu. Kisigino cha sentimita 2 hadi 3, kilicho kipana, humfaa mtu anayesimama au kutembea kutwa. Kadiri kisigino kinavyoinuka, ndivyo uzito wa mwili unavyohamia mbele ya wayo, magotini na kiunoni.

Soli iliyoshonwa inadumu kuliko iliyogundishwa tu, tena yaweza kubadilishwa. Gundi hafifu hulegea kwa joto, na buti iliyosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Voi yaweza kufumbua mdomo.

Mpya au mtumba

Wengi hununua mtumba, iwe ni Voi, katika soko la Taveta lililo karibu na mpaka wa Tanzania, au Kongowea mjini Mombasa. Si jambo la kudharau, kwani buti nzuri ya mtumba huishinda mpya iliyotengenezwa ovyo. Lakini kuna mtego mmoja usiojulikana na wengi. Soli za povu la plastiki liitwalo poliyurethani huoza zenyewe kwa unyevu wa hewa na miaka, hata kiatu kisipovaliwa. Buti huonekana mpya, ikavaliwa siku mbili, na soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Mnunuzi abonyeze ukingo wa soli kwa ukucha kwa nguvu: ikiacha alama isiyorejea, ikiwa na nyufa nyembamba au ikinata, aiache.

Aidha, achunguze ndani. Soli ya ndani iliyobonyea hubeba umbo la mguu wa mwenyewe wa awali, ibadilishwe. Kisigino kilicholika upande mmoja kitampinda mvaaji mpya kama kilivyopindwa na wa kwanza. Buti isafishwe ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ikaushwe kikamilifu kivulini na kupigwa dawa ya fangasi kabla ya kuvaliwa.

Buti za kazini

Kaunti hii ina migodi ya vito, mashamba ya mkonge na hifadhi za wanyama, na wanawake wamo katika kazi zote hizo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi walio katika hatari ya kudhurika mavazi ya kinga yanayofaa, pamoja na viatu panapohitajika.

Neno muhimu hapo ni "yanayofaa". Buti nyingi za kazi hutengenezwa kwa kalibu ya mguu wa mwanaume, ilhali mguu wa mwanamke kwa kawaida una kisigino chembamba ukilinganishwa na upana wa mbele. Mwanamke anapopewa nambari ndogo ya kiume, mbele hubana au nyuma huogelea. Kuvaa soksi tatu ili kujaza nafasi si suluhisho. Huongeza joto na msuguano. Buti inayoogelea penye mawe yaliyolegea ni hatari kazini, na mfanyakazi anayeomba kipimo chake haombi urembo.

Kuizoesha

Buti mpya ya ngozi ivaliwe nyumbani saa moja au mbili kwa siku, kwa wiki moja, kabla ya kuvaliwa safarini. Soksi za sufu au za mchanganyiko husaidia kuliko za pamba tupu, ambazo hunyonya jasho na kubaki nalo. Palipoanza kuwa pekundu mguuni pabandikwe plasta mapema, kabla ya lengelenge kuota.

Wagonjwa wa kisukari wanahitaji tahadhari ya pekee. Ugonjwa huo huweza kuua hisia za nyayo, hata mtu akatembea kutwa akiwa na kijiwe ndani ya kiatu asijue, na jeraha dogo likaishia kuwa kidonda kinachotishia mguu mzima. Mgonjwa apapase ndani ya buti kwa mkono kabla ya kuvaa, akague nyayo zake kila jioni, na asivae kiatu kinachombana hata kwa siku moja kwa kuwa ni cha harusi.

Matunzo ya kila siku na kila wiki

Vumbi jekundu la Voi ni punje ngumu ndogo ndogo. Likiachwa kwenye mikunjo ya buti, huikata ngozi kama msasa kila hatua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jioni ni kupiga brashi kavu, hasa kwenye ulimi na penye mshono wa soli. Kupaka kiwi juu ya vumbi ni kulifungia adui ndani ya nyumba.

Matope ya mlimani yaachwe yakauke kidogo, yabanduliwe kwa kijiti butu, kisha buti ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni isiyo kali. Baada ya mvua, ijazwe magazeti ya zamani na kuanikwa kivulini penye hewa, magazeti yakibadilishwa yanapolowa. Kamwe isiwekwe kando ya jiko wala kwenye jua la saa saba. Joto kali huyatoa mafuta ya ngozi, nayo hukakamaa na kupasuka. Ngozi iliyopasuka haina dawa.

Mara moja kila wiki mbili, na zaidi wakati wa kiangazi, ngozi ipakwe krimu ya viatu ili irejeshewe mafuta, iachwe kwa robo saa, kisha ipigwe brashi. Kiwi chenye nta hufuata, nacho huleta mng'ao na kuzuia maji. Mafuta ya kupikia yasitumiwe, kwani huchacha na kunuka. Mafuta mazito ya kujipaka huziba vinyweleo na kuvuta vumbi. Ngozi ya manyoya laini haipakwi kiwi kabisa. Hupigwa brashi ikiwa kavu.

Katika nyumba za mlimani zenye unyevu, ukungu mweupe hujitokeza kwenye buti zilizowekwa kabatini. Ufutwe nje ya nyumba kwa kitambaa kilichochovywa katika siki na maji kwa vipimo sawa, kisha buti ipepewe. Mfuko wa plastiki si mahali pa kuhifadhia ngozi. Mfuko wa nguo wafaa zaidi.

Buti pia huhitaji mapumziko. Jasho la siku nzima halikauki usiku mmoja, hivyo mwenye jozi mbili azivae kwa zamu. Asubuhi, kabla ya kuingiza mguu, buti igeuzwe na kukung'utwa. Nge hupenda mahali pa giza na penye ufinyu, na katika nchi ya Tsavo tabia hiyo ndogo imewaepusha wengi na maumivu makubwa.

Fundi asichelewe kuonwa

Kisigino kikilika hadi kuikaribia ngozi, au uzi mmoja ukikatika, ndio wakati wa kumwendea fundi wa viatu. Kubadilisha kibao cha kisigino ni kazi ndogo. Kuijenga upya soli iliyolika hadi ndani ni kazi ya gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi aombwe ashone na kugundisha, asitosheke na gundi pekee. Soli ya tairi hudumu sana, lakini ni nzito na ngumu kupinda. Yamfaa mkulima kuliko muuguzi.

Atakayekwenda kununua buti basi aende jioni, akiwa na soksi zake na karatasi yenye mchoro wa mguu wake. Kioo cha dukani humwonyesha jinsi buti inavyopendeza akiwa amesimama, lakini njia ya kuteremka kutoka Wundanyi ndiyo itakayomwambia iwapo alichagua vyema.